Fundi Pancha Anayezima Nyuzi kwa Kiganja

Asubuhi, lori limesimama mbele ya karakana likiwa limeinuliwa upande mmoja. Mwanamume mwenye mabega mapana anapanda juu ya spana ndefu, anaikandamiza kwa uzito wake wote, na nati iliyoshikwa na kutu inapiga ukelele na kuachia.

"Jeki, wewe si mtu," dereva anaguna.

Jeki ndilo jina lake mtaani. Ukimwona anavyobeba tairi la lori kama mtu anavyobeba sinia, huulizi jina limetoka wapi.

La kushangaza liko nyuma yake. Kati ya matairi chakavu na pampu ya upepo linaning'inia gitaa jeusi la umeme, limefunikwa shuka kuukuu lisipate vumbi. Lori likiondoka, Jeki ananawa mikono hadi viwikoni, anakaa juu ya rimu, na karakana nzima inaanza kunguruma.

Du-gudu-gudu-gudu. Mlio mzito, mfupi, uliokatwakatwa, kama injini kubwa inayokimbia bila kutoka mahali pake. Mkono wa kulia hauonekani kusogea. Mpita njia mmoja anasimama na mfuko wake wa nyanya, amesahau alikokuwa akienda.

Huu ni muziki wa metali, ule wa magitaa yanayovuma kama radi. Jeki ameanza kuufukuzia akiwa mtu mzima, mwenye watoto wanaonyoa ndevu.

"Kazi yangu ikiwa nzuri, mtu anaondoka," anasema huku akipangusa nyuzi. "Ikiwa nzuri sana, harudi kabisa! Nilitaka na mimi kitu cha kuwafanya watu wakae."

Kitu hicho alikisikia kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye mchana ni msusi wa nywele na jioni anapiga gitaa na kuongoza bendi ya metali. Mpiga gitaa wa pili alipohama mji, Jeki aliomba nafasi ile. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini.

"Haya," akamwambia alipopata pumzi. "Tuna onyesho ukumbini. Jumamosi ya mwisho kabla yake njoo upige na sisi. Ukichafua wimbo, namchukua mwingine. Undugu nauacha mlangoni."

Gitaa la nyimbo za polepole Jeki alilijua tangu ujana. Kilichomtoa jasho ni kasi. Ukingo wa kiganja hulazwa juu ya nyuzi, karibu na kile chuma kinachozishikilia, ili mlio uzimike nusu, huku kiplastiki cha kupigia kikishuka na kupanda bila kupumzika. Kiganja kikizidi, nyuzi zinakufa. Kikipungua, zote zinapiga kelele.

Jeki akafanya kosa la fundi pancha. Alisikia mlio unavuja, akauziba. Aliukandamiza kwa nguvu zilezile za kazini, mkono ukakaza hadi begani, na alipojaribu kwenda mbio ukafa ganzi. Kuna siku spana ilimponyoka mbele ya wateja. Nyuzi nazo zilikatika moja baada ya nyingine.

"Shemeji, gitaa si lori," msusi alimwambia. "Hakuna aliyekuomba ulinyanyue."

"Na wewe ukisuka watu wanalia, mbona sijasema?"

"Wanalia lakini wanarudi. Nyuzi zako hazirudi."

Aliyemfungua ni mkewe, mtu asiyeupenda muziki huo hata kidogo. Jumamosi ile ikiwa imekaribia, alimletea chakula akamkuta ameinamia beseni la maji, anatafuta tundu dogo kwenye tyubu. Tundu kama hilo halionekani kwa macho. Fundi hupitisha kiganja kilicholowa, kwa wepesi, mpaka upepo umtekenye. Akikandamiza, ameliziba, na hatalipata.

Mkewe alisimama akitazama kiganja kile kikiteleza.

"Baba watoto, kumbe mkono huu unao," akasema. "Mbona kwenye gitaa unapeleka ule wa spana?"

Jeki aliiacha tyubu ikielea. Akajifuta, akashika gitaa, kiganja kikatua kwenye nyuzi kana kwamba kinatafuta upepo. Bega likashuka lenyewe. Kilichotikisika ni kifundo cha mkono tu.

"Nilisikia mlio nikadhani kuna mtu mwingine anapiga," anasimulia, sauti imeshuka. "Nikageuka kumtazama mke wangu. Alikuwa ameshika bakuli, mdomo wazi."

Jumamosi ilipofika, katika chumba cha nyuma ya saluni ya shemeji, mpiga ngoma hakumhurumia. Aliongeza mwendo, akaongeza tena. Katikati ya wimbo gitaa moja likanyamaza.

"Ni langu," shemeji anakiri. "Niliacha kupiga ili nimtazame. Mkono umelala pale kama paka, chini yake radi! Nikasema, huyu haondoki hapa."

Onyesho ni wiki hii. Wimbo wa mwisho, ulio wa kasi kuliko zote, bado unamchosha, na kila akipata nafasi anaurudia polepole, kisha upesi, kisha upesi zaidi. Mkewe ameahidi kuja, ila atakaa karibu na mlango, pamba masikioni.

Jeki amelipokea sharti hilo bila kinyongo.

"Akitoa pamba sikio moja tu," anasema, kiganja tayari kimetua kwenye nyuzi, "nimemaliza kazi."