Mwaka Niliosahau Kupima Urefu

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo miaka imeshindwa kunifutia. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi karibu na Sosiot, kwenye mashamba ya chai. Watoto walikuwa wamejipanga kwenye baridi, mimi niko mbele yao na mizani ya kuazima, nikiita jina na kusoma kilo kwa sauti. Zamu ya Chebet wa darasa la tano ilipofika, alizirai, akaanguka nyasini.

Wacha nikueleze tulivyofika hapo. Wengi wa wanafunzi wetu walikuwa watoto wa makarani na mafundi wa kiwanda cha majani chai. Waliletwa kwa gari, wakanunua soda na mandazi kantini, na kipindi cha michezo sisi walimu tulikuwa tumekigeuza cha hesabu. Miili ikaanza kuwalemea. Nikamshawishi hedimasta tubadilishe mambo: soda itoke, maziwa na ndizi viingie, michezo irudi kila siku. Alinipa mwaka mmoja, kwa sharti kwamba mwisho wake nimwonyeshe matokeo. Nami, kwa ujuaji wa ujana, nikamjibu kuwa hilo ni jambo rahisi, kilo zitashuka.

Hazikushuka. Muhula wa tatu karibu kila mtoto alikuwa ameongeza. Hofu ikaniingia, nikawaambia watoto wasiniangushe siku ya kupimwa. Chebet aliyachukua maneno hayo kwa uzito kuliko nilivyodhani: hakutia kitu mdomoni tangu mchana wa siku iliyotangulia.

Nilimbeba mwenyewe hadi zahanati. Nesi wa pale alikuwa Mama Atieno, mwanamke wa makamo aliyehamia huku kutoka upande wa ziwa. Alimnywesha mtoto uji taratibu, akamlaza, kisha akanitoa nje. Husemwa mgeni njoo mwenyeji apone. Siku hiyo mwenyeji nilikuwa mimi.

"Mwalimu, huyu si gunia la majani chai," aliniambia bila kupaza sauti. "Mtoto anakua. Akirefuka, lazima kilo ziongezeke. Sasa niambie, mwaka jana urefu wake ulikuwa kiasi gani?"

Sikujua. Sikuwa nimepima urefu wa mtoto hata mmoja. Nikamwambia basi, mwaka mzima umepotea. Aliingia ndani akarudi na sanduku la kadi. Kila mwanzo wa mwaka yeye ndiye aliyekagua afya ya watoto wa shule yetu na ya shule jirani, na alikuwa ameandika urefu na uzito wa kila mmoja.

"Na wale wa jirani, ambao hawana mpango wako, tutawapima pia," akasema. "Mvua ikinyesha kwako na kwa jirani, usiseme ni maombi yako yaliyoileta."

Kupotea njia ndiko kujua njia. Jioni hiyo nilikwenda kwa kina Chebet, nikaomba radhi mbele ya mtoto mwenyewe. Baba yake aliniambia nimfundishe binti yake kukimbia, si kushinda na njaa. Hayo nayakumbuka mpaka leo, nayo yalinichoma ipasavyo. Halafu tukapima upya shule zote mbili, mtoto mmoja mmoja, mlango umefungwa, na namba hazikutamkwa.

Siku ya wazazi, hedimasta alikuja na tangazo la kuufunga mpango wangu. Mama Atieno akaomba kusema kwanza. Alieleza kwa lugha nyepesi kwamba watoto wa shule zote mbili walikuwa wamerefuka. Wetu uzito wao ulikwenda sambamba na urefu, wale wengine uzito ulikuwa umeutangulia. Hakumtaja mtoto yeyote.

Kisha nikawaomba wazazi watoke nje waangalie kilima. Darasa zima la tano lilikuwa likipanda mbio kwenye njia iliyopita katikati ya michai. Mpango ulipoanza, nusu yao walikuwa wameketi njiani wakihema. Safari hii hakuketi mtu. Chebet alikuwa katikati ya kundi, si wa kwanza wala wa mwisho, akitupungia mkono kutoka juu huku akicheka. Akina mama walipiga vigelegele mpaka wachuma majani ng'ambo ya bonde wakasimama kutazama. Hedimasta alikunja karatasi yake akaitia mfukoni. Mwaka uliofuata shule jirani iliuanza mpango huohuo, na walimu wakaja hata kutoka Merigi, mbali na kwetu, kuona tulivyofanya.

Basi mwanangu, ukikabidhiwa watoto wa watu, amua mapema utapima nini, na siku ya kwanza upime kama utakavyopima ya mwisho. Mtazame na yule ambaye mpango wako haukumgusa, ndipo utajua kazi yako ni ipi. Mwili wa mtoto ni siri yake, usiutangaze. Na namba zikikutisha, usimtwike mtoto hofu yako. Nenda ukaulize, kuuliza si ujinga.

Mungu akujalie subira ya mkulima na mkono wa haki, na wote utakaowalea wakue na afya hadi nao walee wao. Amina.