Salima Aliniomba Msamaha kwa Kosa Langu

Salima alipiga magoti mbele ya meza yangu akaniomba msamaha kwa kosa nililolifanya mimi.

Na mimi, mwanaume mzima, nikamjibu: "Yameisha, dada. Nimekusamehe."

Wengi mnaonifuata humu mnanijua kwa mashairi. Hili hamlijui.

Naitwa Ignas, mtoto wa Ganako. Nasimamia seva za idara ya utafiti wa mifugo, ya chuo kikuu fulani chenye kituo hapa Karatu. Data za watafiti wote zimo humo. Seva mbili, chumba kimoja kisicho na dirisha, kiyoyozi kimoja, na mimi.

Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilijisomea mwenyewe, kama nilivyojisomea vina na mizani. Kwa hiyo kichwa kilikuwa kikubwa. Mtafiti akisahau nywila yake, namtungia ubeti kwenye grupu la WhatsApp la ofisi. Watu wanacheka. Anayetungiwa anacheka kwa shida.

Jumanne moja jioni diski ikajaa. Asilimia tisini na nane.

Nikapekua aliyeijaza. Naisenya, binti wa Endulen, anayesomea uzamivu. Miaka mitatu anazunguka kwenye maboma akiandika ndama wanaougua ndigana, ile homa ya kupe, kila ndama na picha zake.

Nikaona jina moja limejirudia mara kumi na nne. Boma lile lile, mwezi ule ule. Jina jingine mara tisa. Nikasema, huyu dada anabonyeza kitufe cha kutuma kama anapiga ngoma.

Nikaandika amri ya mstari mmoja: kila jina libaki mara moja kwa kila boma, mengine yafutwe.

Sikumpigia hata simu. Nimuulize yeye? Mimi?

Diski ikapumua, nikaenda zangu nyumbani. Alfajiri nakala ya akiba ikajisasisha yenyewe, kama nilivyoipanga. Ikaiga kila kitu, pamoja na ufutaji wangu.

Asubuhi Naisenya alikuwa mlangoni.

"Kaka Ignas, ndama wangu wako wapi?"

"Ndama gani?"

"Nilikuwa nao elfu mbili na mia nne. Wamebaki mia tatu!"

"Mbona majina yako yanajirudia?"

"Kwetu ng'ombe anabeba jina la nyumba yake. Bibi, mama, mtoto, wote jina moja. Tunawatofautisha kwa rangi na alama za masikio. Wazee hawataki ng'ombe wahesabiwe kwa namba, kwa hiyo namwandika mmoja mmoja. Kwani vipi?"

"Nimeuliza tu."

Kumbe nilifuta ndama halisi.

Ningesema pale pale. Lakini macho yangu yakaangukia birika. Salima, dada wa usafi aliyetoka Singida kutafuta maisha, alikuwa amechomoa waya wa seva akachomeka birika la chai ya ofisi. Betri ya akiba ilikuwa imeubeba mzigo, hakuna kilichozimika wala kuharibika. Hilo nililijua mimi peke yangu.

Nikalinyooshea kidole. "Salima alichomoa umeme, data zikaharibika."

Mchana nikabandika kwenye grupu:

*Waya ni mshipa hai,*
*Hapa hatupiki chai,*
*Asiyejua hafai*
*Kugusa kazi ya watu.*

Vidole gumba kumi na saba. Sijawahi kupata sifa nyingi kama siku ile.

Mkuu wa idara, Dokta Lilian, akampa Salima barua. Ajieleze hadi Ijumaa ya wiki inayofuata, la sivyo kazi hana.

Mimi nilitegemea atakataa. Atapiga kelele, ataapa, tutabishana. Badala yake akaja kwangu, akapiga magoti.

"Kaka, kweli nilichomoa. Sikujua. Kwani kila siku niliyochomeka birika, ndama walikuwa wanafutika?"

Alikuwa ameamini. Uongo wangu aliubeba yeye kama mtoto wake.

Hapo ndipo nilipojua nimenasa. Nikisema, nimejiumbua. Nikinyamaza, mtu anafukuzwa. Na hakuna anayenishuku! Ningeshukiwa, angalau ningepata pa kutokea.

Kila asubuhi Salima aliwasha jiko la mkaa nje, maana umeme aliuogopa sasa. Kikombe cha kwanza ananiletea mimi.

Ile chai sikuiweza. Nikahamia chumba cha seva, nikajifungia humo na baridi ya kiyoyozi, nakagua nyaya zisizo na shida.

Alhamisi, siku moja kabla ya ile Ijumaa, Naisenya akanifuata humo humo. Akafunga mlango.

"Nifundishe kitu, mtaalamu. Umeme ukikatika, unachagua?"

"Haichagui... hauchagui. Unaharibu tu."

"Basi mbona waliobaki ni mmoja mmoja? Kila boma, kila nyumba, ndama mmoja. Umeme gani huo unaoacha mbegu?"

Nikashika waya, nikajifanya naukagua. Mimi, wa kutunga papo kwa papo.

"Kwa Dokta sitakwenda," akasema. "Utakwenda wewe."

Ijumaa saa tatu tukaitwa kikaoni. Salima alikuja na mfuko wake umeshafungwa. Kabla Dokta hajafungua barua yake ya maelezo nikasimama.

"Ni mimi niliyefuta. Salima hana kosa."

Nilijiandaa kwa matusi. Unajua nilipata nini?

Makofi.

"Ignas, una moyo," Dokta Lilian akasema. "Lakini usijitoe kafara kwa huruma. Wewe hukosei, sote tunajua."

Lucas, dereva wa idara, akacheka. "Kumbe unampenda! Si useme tu, mwanangu?"

Salima mwenyewe akanivuta shati. "Kaka, acha. Usijiumize kwa ajili yangu."

Miaka minne nimejenga jina la mtu asiyekosea. Leo natafuta mlango wa kutokea ndani ya jina hilo, hakuna.

Nikachomeka kompyuta kwenye projekta. Nikafungua kumbukumbu za amri ukutani, wote wasome. Jumanne, saa kumi na mbili na dakika nane jioni. Futa. Mtumiaji: ignas.

Hakuna aliyecheka tena.

Salima alisoma taratibu, kidole hewani, hadi mwisho.

"Kwa hiyo nilipopiga magoti, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akachukua mfuko wake, akaurudisha stoo. Hakunitazama.

Nikapewa onyo kali la maandishi, na miezi miwili ya kuzunguka na Naisenya kuandika upya. Tukapita lango la Ngorongoro hadi Endulen, boma kwa boma. Huko mama mmoja, Nareyu, alinitazama juu hadi chini, akasema neno, boma zima likaangua kicheko.

"Anasemaje?" nikamuuliza Naisenya.

"Anauliza, huyu ndiye aliyeua ndama wengi bila kuwa na fimbo?"

Kisha Nareyu akaanza kunitajia, ndama mmoja baada ya mwingine, nami naandika. Lakini wengine walikuwa wameshakufa, wengine wameuzwa. Mia saba hatukuwapata tena. Naisenya amesogezewa mbele kuhitimu mwaka mzima kwa sababu yangu, na hajawahi kunitupia neno.

Salima bado yuko kazini. Nimemwomba msamaha mara tatu. Mara ya tatu akaweka ndoo chini.

"Mimi nilipokuomba, uliniamini," akasema. "Wewe subiri. Bado sijakuamini."

Nasubiri. Mwezi wa tano huu.

Ndugu msomaji, sifa ya kutokosea ni chumba chenye mlango wa kuingilia tu. Siku utakapokosea humo ndani, utasema kweli na watu watakupigia makofi, na mwenzako atafukuzwa huku wewe unasifiwa. Uliza kabla hujafuta. Na ukishafuta, sema mapema, wakati bado kuna mtu wa kukuamini.