Nusu Saa ya Unguja na Pemba

Siku tuliyosoma arobaini ya mama, uani kwetu Kisarawe tulikuwapo mimi niliye mkubwa, wadogo zangu Sudi na Tatu, mjomba aliyetoka Unguja, shangazi aliyetoka Pemba, na Mzee Maganga, jirani yetu Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wazaramo. Baba alikuwa ametangulia zamani.

Enzi hizo mtoto hakuulizwa anataka kukaa na nani. Tulizoea kucheza rede nyuma ya jiko, tukinukia moshi na kisamvu cha nazi, na ndege ikipita juu tunaikimbiza mpaka shambani huku tukiiagiza nguo za sikukuu. Mimi nilikuwa nimeshaacha shule ili nimuuguze mama. Kisomo kilipokwisha, wakubwa wakaanza kutugawa: Sudi Unguja, Tatu Pemba, mimi niolewe.

Nikamwambia mjomba kwa adabu kwamba mama alinishika mkono akasema, "Wasitawanyike."

"Mwanangu, watatawanyika wapi?" akanijibu kwa upole. "Unguja na Pemba ni pua na mdomo. Siku hizi kuna ndege. Hata maili mia hazifiki. Nusu saa, mtu kashuka."

"Kwani wewe umekuja kwa ndege?" Mzee Maganga akauliza.

"Nimekuja kwa meli."

"Na utarudi kwa chombo gani?"

"Kwa meli," mjomba akakiri.

"Pua na mdomo ni majirani tangu kuumbwa," mzee akasema, "lakini nyinyi Wazaramo mmeona lini pua ikionja ubwabwa?"

Watu wakacheka, hata shangazi akajifunika uso kwa kanga. Hapo mzee akafanya lile ambalo mtani peke yake huruhusiwa kulifanya msibani. Aliwashika wadogo zangu, akawakalisha nyuma yake mkekani, akatangaza kwamba amewateka. Kwa desturi, alichokiteka mtani hakichukuliwi mpaka kikombolewe, na fidia anaitaja yeye.

"Nataka ndege," akasema. "Itue hapa penye mihogo."

Nani angeileta? Na kumkasirikia mtani ni mwiko. Mjomba alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema, "Haya, mtani, wakae na dada yao."

Tukakaa. Mzee alitulimia, akatuezekea nyumba, na kila alipotuletea karanga alisema, "Mateka wangu hawafi njaa."

Leo wajukuu zangu huipima safari ya Unguja na Pemba kwa kidole kwenye simu, na ndege ikichelewa kidogo wananuna kama wamenyimwa chakula. Ni nusu saa kweli. Mimi na Tatu tumepanda ndege tukashuka, peremende haijaisha mdomoni. Ila ukiwauliza mtani wao ni nani, wanatazamana.

Mzee Maganga alirudi kwao Tabora uzeeni. Habari za kifo chake zilitufikia akiwa ameshazikwa. Ilitupasa sisi Wazaramo, watani wake, tuwepo, tulizuie jeneza njiani, tumseme uchoyo aliokuwa hana, tuwachekeshe wanawe waliokuwa wakilia. Utani ule bado tunadaiwa.