Kichupa cha Kwanza

Sahihi yake ya kwanza katika daftari la kupokea sampuli ni ya tarehe 3 Juni 2002. Tangu siku hiyo hajapata kuamini jibu kwa kulitazama mara moja, ndiyo maana wenzake wa maabara wanamwita Mama Tena.

Jumatatu ya wiki hii alikuwa ameinamia hadubini. Chini ya lenzi kulikuwa na kibao cha plastiki kinachoenea ndani ya kiberiti, chenye vijia vyembamba kama unywele. Damu husukumwa humo polepole. Seli za kawaida hupenya, zile kubwa za uvimbe hukwama, zikatiwa rangi na kuhesabiwa. Zilikuwa zimekwama tano. Damu yenyewe ilikuwa ya shemeji yake, seremala, mume wa dada yake mkubwa, aliyemaliza dawa za saratani miezi minne nyuma. Jibu hilo, kwamba saratani imerudi, lingepita, Ijumaa angerudishwa kwenye dawa zilizomfanya ashindwe hata kushika randa.

Lakini seli zile hazikumkalia sawa. Zilikuwa bapa, zimeshikana kama magamba. Seli za ngozi huwa hivyo, na hushika rangi ileile. Sindano ikitoboa huchota ngozi kidogo. Kwa hiyo kichupa cha kwanza hutupwa, hupimwa cha pili.

Akaenda chumba cha kuchukulia damu.

"Kaka, ya seremala ni kichupa cha ngapi?"

"Cha pili, dada. Kama kawaida." Mchukua damu hakuinua uso.

"Kawaida ya nani?"

"Aa, Mama Tena! Angekuwa baba wa watu ungeshasaini. Kwa kuwa ni shemeji, unatafuta mchawi."

Neno hilo lilimchoma. Apendaye chongo huita kengeza, na shemeji yule ndiye aliyemlipia karo ya chuo. Hata macho yake mwenyewe akayashuku.

Akaomba karatasi ya vibandiko. Kila mgonjwa hupewa viwili, kimoja kwa kila kichupa, hata kile cha kutupwa. Kimoja cha seremala kilikuwa bado kimeganda palepale.

Mchukua damu akashusha pumzi. "Mishipa yake imekufa, dada. Nilimtoboa mara tatu, damu ikakubali mara moja, kichupa kimoja tu. Nikasema, mzee wa watu ameteseka vya kutosha."

"Huruma yako ilikuwa inamrudisha kwenye dawa."

"Na kama seli ni za kweli?"

"Basi zitaonekana kwenye cha pili."

Alirudi akalikata jibu kwa mstari mmoja, akaandika sababu, akasaini. Chini yake akaongeza kwamba mgonjwa ni shemeji yake.

Dawa za Ijumaa zimesimamishwa. Seremala atarudi keshokutwa saa mbili asubuhi, vitajazwa vichupa viwili, na kibao atakisoma mtu mwingine.