Wanajeshi Chini ya Chokaa

Nilitoka Tabora kwa treni, nikakaa Morogoro, nikakaa Kibiti, mpaka nilipoambiwa kuwa Mafia wanatafuta wapaka rangi. Hifadhi ya bahari ilikuwa ndiyo kwanza inaanza na majengo yalikuwa yanajengwa visiwani. Kutoka Nyamisati nilisafiri nimelala juu ya mifuko ya saruji. Kilindoni nikapanda lori hadi Utende, na Utende nikavuka tena maji kwenda Juani. Nilikuwa kijana asiyetulia. Kila nilipofika niliulizia kwanza njia ya kuondokea.

Nilipanga chumba kwa mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu mgonjwa wa kifua, aliyekuwa akiuguzwa na binti yake. Siku ya kwanza niliingia kumwamkia nikasahau kilichonileta. Ukuta mzima juu ya kitanda chake ulikuwa umejaa picha za wanajeshi wa Kichina, nyota nyekundu kofiani, mashavu yamewiva. Walikuwa wakivuna mpunga, wakimvusha bibi kizee mto, wakilinda ufuko kwa bunduki.

"Hao hawaitikii," mzee alisema. "Niamkie mimi."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Siku nyingine alinieleza. Picha zile ziliuzwa Dar es Salaam kwa bei ya bure zamani za ujana wake. Yeye na mdogo wake, wote wakiwa jeshini, walikuja nazo likizo. Mdogo mtu ndiye aliyepika uji wa muhogo na kuzibandika kwa mikono yake. Katika picha moja, wanajeshi wawili walibeba pipa la maji kwa mti mmoja mabegani. Wa mbele alikuwa anacheka.

"Akaniambia, wa mbele ni mimi, wa nyuma wewe, maana wewe huchelewa kila mahali."

Baada ya likizo ile mdogo wake alikwenda vita vya Uganda. Alizikwa huko huko. Kaburi lake mzee hakuwahi kuliona. Alichobaki nacho ni ule ukuta.

Kabla ya mfungo wa Ramadhani watu wa pale hupaka nyumba zao chokaa. Binti aliniita chumbani kwa baba yake, akasema mbele yake, kwa upole, "Fundi, mwaka huu na humu."

"Humu hapana," alisema mzee.

"Baba, malaika wa rehema hawaingii penye picha. Unaumwa. Nataka waingie."

"Muulize fundi. Kwao Wakristo malaika wamezoea picha."

"Fundi si mgonjwa, baba."

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Binti alimshika mgongo hadi kikatulia, akampangusa mdomo kwa ncha ya kanga yake. Mzee akamtazama, kisha akautazama ukuta.

"Usiwachane," aliniambia. "Wapake tu. Wale wawili wa pipa uwaache mwisho."

Chokaa mbichi haifichi kitu. Ukiipaka inakuwa kama maji yaliyotiwa maziwa kidogo, na weupe unakuja inapokauka. Niliposhusha brashi wale wawili walikuwa bado wanaonekana vizuri. Mzee alilala ubavu, akiwatazama. Binti alikaa miguuni pake, akimkanda nyayo.

"Bado namwona," mzee alisema.

Nikaosha brashi polepole, nisijue kama nitoke au nibaki.

"Meno bado."

Kisha akasema, "Basi," akageukia upande wa pili. Kesho yake nikarudia kupaka chokaa mkono wa pili. Tangu siku ile sikumsikia tena akimtaja mdogo wake.

Alifariki katikati ya mfungo. Nilibaki mpaka arobaini ilipopita, halafu nikafunga mzigo. Asubuhi ya kuondoka, binti aliniita tena chumbani. Kitanda kilikuwa kimetolewa.

"Nilikuwa naingia humu nimeinamisha macho," alisema. "Nionyeshe alipokuwa baba ukutani. Na ami yangu."

Nilipapasa ukuta. Nilihisi ukingo wa karatasi chini ya chokaa, kisha mwingine, kisha mwingine, lakini sikujua ipi ni ipi. Nilikuwa nimepaka vizuri, kila mahali sawasawa.

"Hapa," nilisema, halafu nikasogeza mkono. "Au hapa."

Aliufuata mkono wangu kwa macho. Kisha akajifunika mtandio wake vizuri.

"Nenda, fundi," alisema. "Maji yanakupwa, utaachwa."

Nikachukua mzigo wangu nikateremka pwani. Sijarudi Juani tena.