Moshi Ndani ya Mashine ya Mayai

Juzi hapa Masalani, mama mmoja muuza maziwa ya ngamia alifungua chombo chake mbele yangu, na harufu ya moshi ikanijaa puani kabla hajanimiminia. Watu wa kwetu hufukiza chombo cha maziwa kwa vijiti vyenye moto kabla ya kukamulia, ili maziwa yakae vizuri na yanukie. Waliokuwa nyuma yangu walianza kuyasifu, haya ndiyo maziwa, wallahi. Mimi nilisogea kando nikajifanya natafuta simu. Mimi ni mtu mzima, nafundisha watoto wa watu, na bado harufu ile hunitoa machozi. Sioni haya kuwaambieni.

Harufu hiyo ni ya ayeeyo, nyanya yangu mzaa mama. Alikuja kukaa nasi Iftin, pale Garissa mjini, nilipokuwa msichana wa shule ya msingi, baada ya ukame kummalizia ngamia na mbuzi huko upande wa Griftu. Abti, yaani mjomba wangu, ndiye aliyemleta. Alimshusha na kifurushi cha nguo, kisha akarudi haraka kwa mbuzi wachache waliobaki. Ayeeyo akakaa kwenye mkeka akiangalia ukuta. Kula, mpaka umbembeleze. Kila asubuhi baada ya swala alitoka uani, akasimama akitazama huku na huku, halafu akarudi kujilaza. Hakuwa na mnyama wa kumfungulia zizi. Mama alimwangalia kutoka dirishani, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na hata mimi, pamoja na utoto wangu, nilijua kwamba tunampoteza.

Wakati huo mama alikuwa na duka dogo na kuku kadhaa nyuma ya nyumba. Vifaranga alioagiza kutoka mbali walifika wamekufa kwa joto la njiani, basi akaamua kununua mashine ya kuangulia mayai. Lilikuwa sanduku jeupe lenye kifuniko cha kioo, feni ndani na taa nyekundu mbele. Fundi aliyeileta alikuwa kijana mpole kutoka bara. Alipokuwa akituonyesha pa kutia maji, ayeeyo aliinuka mkekani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa ajili ya mgeni yeyote, akamsimamia na kumhoji kwa Kiswahili chake.

"Wewe, mama ya hii mayai iko wapi?"

"Hakuna mama, nyanya. Mashine ndiyo inayalalia."

"Na fifaranga ikitoka itafuata nani? Itafuata sanduku?"

Tulicheka hadi mama akashika mbavu, na nyumba yetu haikuwa imesikia kicheko tangu ayeeyo aje.

Lakini msidhani aliipenda mashine. Kwake kuku hakuwa mfugo hata kidogo. "Mnyama gani huyu," alisema kwa Kisomali, "humkamui, humpakii mzigo, na mvua ikinyesha anakimbilia chini ya kitanda chako?" Mama hakubishana naye. Alianza tu kujifanya ana shughuli nyingi dukani, akamwomba amgeuzie mayai asubuhi na jioni. Ayeeyo aliyageuza kwa vidole viwili, uso ameukunja.

Kisha jioni moja mama akazima taa na kulimulika yai kwa tochi. Ndani tuliona mishipa myembamba ya damu, na katikati yake kitone cheusi kikidunda. Ayeeyo alishika mkono wa mama ili tochi isiondoke. "Subhanallah," akasema, akarudia, na baada ya hapo sikumsikia tena akiwakebehi kuku.

Alianza kula. Mkeka wake aliuhamishia kando ya sanduku, na alipogeuza mayai alitumia kiganja kizima, polepole, akiyaimbia ule wimbo wa kunywesha ngamia kisimani. Mimi nilimtania kwamba vifaranga watatoka wakitafuta kisima. Alinitupia kandambili, ikanikosa, akacheka. Asubuhi sasa alikuwa na mahali pa kwenda akitoka kwenye swala, na mama akaanza kulala usingizi wa kweli.

Siku vifaranga walipoanza kulia wakiwa bado ndani ya maganda, ayeeyo hakukaa kitako. Mama alienda dukani, nami nikaenda dugsi kusoma Kurani. Niliporudi alasiri harufu ya moshi ilinipokea getini. Ilikuwa harufu nzuri, kama ya siku ya ngamia kuzaa katika hadithi zake. Nilimkuta amekaa mbele ya mashine amevaa mtandio wake mzuri. Ndani ya sanduku, chini ya kifuniko kilichofungwa, palikuwa na chetezo cha udongo chenye makaa na vijiti vikifuka moshi, na kioo kimekuwa cheupe kabisa.

Mama aliingia nyuma yangu. Alikifungua kifuniko, moshi ukamwagika sebuleni.

"Nimewafukizia," ayeeyo alisema kwa furaha. "Watazaliwa mahali pasafi."

Wengine walikuwa wameshatoboa ganda, midomo iko nje. Hakuna aliyetikisika. Ayeeyo alitazama ndani, kisha akautazama uso wa mama, na tabasamu likafutika.

"Ni stima, Hooyo," mama alimwambia mama yake upesi. "Ilipotea mchana. Hii ndiyo shida ya stima ya Garissa."

Feni ilikuwa ikivuma. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Ayeeyo aliiangalia ile taa kwa muda, akasema, "Haya. Ni stima."

Tuliwazika nyuma ya jiko, mama na mimi. Nililia sana kwa ajili ya vifaranga, mama akanikataza nisitamke neno moshi mbele ya ayeeyo. Usiku huo alimpikia anjera na nyama, akawa anamwambia "karibu, Hooyo, ongeza, Hooyo" kwa sauti ile tuliyowawekea wageni. Nilipomtandikia, ayeeyo aliniambia taratibu, "Mama yako hata hakunikaripia."

Nikakimbia jikoni na habari njema. "Ayeeyo anashukuru kwamba hukumkaripia!" Mama akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi.

Mayai mengine yaliwekwa. Ayeeyo alisema mikono inamuuma, hawezi kuyageuza. Mkeka ulirudi ukutani, na alitutoka kabla ya mvua. Mama anaamini mpaka leo kwamba alimtendea wema, nami sina moyo wa kumwambia vingine.

Maana nilipokuwa mkubwa nilienda Griftu kumtembelea abti. Binti yake alikuwa amesinzia malishoni na fisi akala mbuzi. Jioni ile boma zima lilimpigia kelele, baba, mama, hata majirani waliokuja kunywa chai tu. Msichana aliinamisha kichwa, nami nikamwonea huruma mpaka chai ikanishinda. Lakini kulipopambazuka abti alimkabidhi fimbo, akampa mbuzi wote waliobaki, na hakuna aliyelitaja tena jambo lile. Nikamuuliza kwa nini hawakumwacha tu, mtoto wa watu, na majuto aliyokuwa nayo.

Abti alinishangaa. "Mgeni ndiye asiyeambiwa kitu," alisema. "Tukimnyamazia huyu, atajua hatumhesabu tena kuwa mchungaji."

Nilienda nyuma ya boma nikalia peke yangu. Ayeeyo hakuwa akishukuru. Usiku ule, pale mkekani, alikuwa bado anangoja mwanawe aje ampigie kelele.