Mgongo wa Bhai na Kiwanja cha Mbali

Watu wa Kariakoo wakitaka kujua kama mzigo unafaa, wanakuja kuniuliza mimi. Sikusoma. Darasa la nne nililiacha katikati, nikashuka mjini kutoka Kilimanjaro nikiwa sijui hata taa za barabarani zinataka nini. Lakini ukinipa robota la vitenge, nitakwambia ukweli wake kabla chai yako haijapoa. Usifungue juu. Juu kila mtu anapanga vizuri. Ingiza mkono katikati, vuta kitambaa kimoja, kisugue kwa kidole kilicholowa mate. Rangi ikitoka, funga, rudisha, usibishane na mtu.

Nimeanza na hilo kwa sababu hata viwanja vya gofu navipima hivyohivyo.

Anayetaka kucheka acheke, mke wangu alishamaliza. Gofu nilianza nikiwa tayari na wajukuu, daktari aliponiambia nitembee. Nikamjibu kwamba mimi Kariakoo natembea kutwa. Akasema ile si kutembea, ile ni kusukumana. Jirani yangu wa duka aliposikia akaniambia, "Mangi, njoo Jumamosi nikutembeze kwenye majani." Huyu jirani ni Mhindi wa Kisutu, anauza sufuria na vyombo, ukuta wake na wangu ni mmoja. Yeye ananiita Mangi kama mji mzima unavyowaita wenye maduka waliotoka kwetu, mimi namwita Bhai. Alinipa fimbo yake ya zamani. Nikapiga hewa, nikapiga udongo, halafu mpira ukaondoka kama ndege aliyetupiwa jiwe. Tangu hapo Jumamosi yangu ikawa na mwenyewe.

Sasa, tuje kwa hivi viwanja vya mikoani. Mbele ya duka langu kuna benchi, na jioni tukishashusha mapazia ya chuma tunakaa pale wazee wachache wa fimbo, tunakunywa kahawa wakati wapagazi wanapita na mikokoteni wakitufokea, "Miguu, wazee, miguu!" Siku haipiti bila mmoja kutoa simu na picha ya kiwanja cha mbali. Majani, ukungu, mlima nyuma. Wote wanageuka kunitazama mimi. Mangi, safari hiyo inafaa?

Msimamo wangu unajulikana. Viwanja vya kaskazini havina mjadala, maana sisi watu wa Kilimanjaro kila Desemba tunapanda kwetu tu, utake usitake, na fimbo zangu zinalala kwenye buti chini ya mchele na sukari ya shangazi. Kiwanja kilichoko njiani hakipimwi. Morogoro nako unakwenda na kurudi, ukichelewa utakuta chakula kimefunikwa. Tabu ni vile vya nyanda za juu kusini. Siku nzima barabarani, matuta ya Mikumi, malori ya Kitonga yanayopanda kama konokono na wewe nyuma unavuta moshi wao. Kiwanja cha safari hiyo lazima kiwe na sababu.

Jioni moja ikatolewa picha ya kiwanja kidogo kilichoko katikati ya mashamba ya chai. Wote tukaguna. Bhai akaiomba ile simu, akaisogeza karibu na macho, akakaa nayo muda mrefu. Kisha akasema, "Hiki nitaenda."

Benchi zima likamgeukia. Lazima nieleze kuhusu mgongo wa Bhai. Alishapasuliwa, na tangu apasuliwe anapiga fimbo nusu, mikono tu, kiuno hakigeuki. Tukivuka Magogoni tu kwenda Kigamboni, safari ya kitoto kabisa, anateremka kwenye gari kama mtu anayetolewa ndani ya gunia. Na mtu huyu anataka Kitonga.

"Bhai," nikamwambia, "kule utafika vipande."

"Nimezaliwa kule," akasema. Miaka yote tumepakana ukuta, sikuwa najua. "Baba alikuwa na duka chini ya kilabu cha gofu cha Wazungu. Enzi za wakoloni. Alikuwa anawapelekea soda na mafuta ya taa kwa mlango wa jikoni. Mlango wa mbele haukuwa wake. Mimi nasimama nje ya ua namsubiri, mpira siuoni, nasikia tu. To! To!"

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya sufuria. Kisha akairudisha simu kwa mwenyewe.

Mimi si mtu wa maneno laini. Nikamwambia, "Sikiliza. Nina mzigo wa kupeleka Iringa. Nitapitiliza hadi huko, nitakifungua hicho kiwanja katikati, nitarudi na jibu. Nikisema kinafaa, twende wote. Nikisema hakifai, uache, mgongo wako upumzike."

"Neno lako?"

"Neno langu."

Tukapeana mkono mbele ya watu. Kariakoo hiyo inatosha.

Kesho yake binti yake akaja dukani. Ndiye anayempeleka hospitali, ndiye anayempaka dawa, amezaliwa tukiwa majirani tayari. Alisubiri wateja wapungue.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunigombeza."

"Nimekuja kukuomba. Daktari amesema akikaa kwenye gari siku nzima anaweza asiamke vizuri tena. Mimi namkataza, hanisikii. Mama angekuwepo angemsikia mama. Sasa amebaki anakusikia wewe tu. Ukirudi mwambie kiwanja kibaya."

"Na kikiwa kizuri?"

"Mwambie kibaya."

"Mwanangu, mimi sijawahi kuuza neno bovu."

"Basi hili nipe bure," akasema, akatoka bila kuaga, jambo ambalo kwao halifanywi.

Nikaondoka na mvua. Jangwani ilikuwa imejaa maji, barabara imefungwa, ikabidi nizungukie Buguruni, nikatoka mjini jua limeshapanda. Mke wangu alikuwa amenifungia ndizi za kuchoma na neno moja: "Siku nzima kufuata majani. Majani si yapo Jangwani?" Njia nzima nilikuwa nikiomba kitu cha ajabu kwa mfanyabiashara: naomba mzigo uwe mbovu. Ukiwa mbovu kweli, nimemwambia Bhai kweli, na binti amepata anachotaka. Wote tunalala.

Na Mungu akanisikia. Sitautaja mji wenyewe, wako wanaoupenda. Shimo la kwanza, yaani kipande cha kwanza cha kiwanja, lilikuwa zuri, limefyekwa, lina ua wa maua. Nikajisemea hiyo ndiyo juu ya robota. Sikuanzia pale. Nikamwambia kedi wangu, yule mbeba fimbo, mtu mzima mwenye koti la mvua, anipeleke shimo la tano. Akashangaa. "Mzee, watu wanaanzia moja." Nikamwambia watu ni watu, mimi ni mimi.

Katikati palikuwa na ng'ombe. Sio nje ya kiwanja, kwenye kiwanja, na mmoja alikuwa amelala pale pale ambapo mpira ungetakiwa kuanguka, anatafuna, ananitazama kama mwenye nyumba. Nyasi zilifika gotini. Na grini, pale kwenye kibendera na shimo ambapo mjini kwetu majani yamekatwa hadi yanafanana na zulia, kule hakuna majani. Ni mchanga mweusi uliokorogwa na oili chafu ya magari usipeperuke, unaburuzwa na kipande cha gunia kabla hujapiga. Mpira wangu uliingia mweupe ukatoka kama umetoka gereji. Kedi akanipa kitambaa. Nikafuta mpira, nikafuta mikono, nikafurahi. Kibovu! Kibovu cha kuapia.

Niliteremka kurudi kwenye gari kwa njia ya chini, na hapo nikaliona duka. Varanda ya nguzo za mbao, bati la zamani, ngazi za mawe zilizolika katikati kwa miguu ya watu. Sasa wanauza simenti na vocha. Nikasimama kwenye ngazi. Kule juu nyuma ya ua kuna mtu alikuwa anajifunza kupiga, simuoni. To. Kimya. To.

Nilirudi Dar sina raha, na sikuelewa kwa nini, maana kila kitu kilikuwa kimenyooka.

Jioni ile benchi lilijaa. Bhai alikaa kwenye kiti chake cha plastiki chenye mto. Binti yake alikuwa amekuja kumchukua, akasimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Nikanywa kahawa kwanza. Nikawaambia ng'ombe, nyasi, oili chafu. Wazee wakacheka hadi wakashika matumbo, mmoja akaniuliza kama na mimi nilikwenda kubadilisha oili.

"Kwa hiyo, Mangi?" akauliza Bhai.

"Kibovu. Hakifai safari."

Nilimwona binti akishusha mabega. Bhai akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyerudishiwa mzigo. "Haya. Neno ni neno." Akashika mikono ya kiti ainuke, akasita. "Na duka lipo?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo ilipo hadithi yote. Ningesema halipo, limebomolewa, yangeisha. Hata uongo usingeonekana, nani angekwenda kuangalia? Binti alikuwa ananitazama usoni. Lakini mtu alikuwa ameniuliza bidhaa nyingine kabisa, si ile niliyokwenda kuipima. Nilisafiri siku mbili kupima majani kwa mtu ambaye hakuwa ananunua majani. Kosa la mtu wa marobota hilo: unajua kuingiza mkono katikati, ila hukumuuliza mteja anataka kushona nini.

"Lipo," nikasema. "Ngazi zipo. Na ukisimama pale unasikia."

Bhai akakaa tena. Binti akageuka akaenda kungoja kwenye gari.

Tulikwenda. Lakini tulikwenda kama mzigo wa vioo. Nilikilaza kiti cha mbele, nikakijaza khanga zilizokunjwa, nikampakia ndani yake kama kikombe ndani ya boksi. Tulilala Morogoro, tukalala tena Iringa. Kila alipoguna nilisimamisha gari, akateremka, akatembea kando ya lami akinishika bega, malori yakitupigia honi. Yeye hali nyama, kwa hiyo njia nzima tulikula chapati alizofungiwa na chevda, ule mchanganyiko mkavu wa dengu na karanga, na nilipomega kuku wangu pale Ruaha alifungua dirisha akatazama nje kwa adabu.

"Mangi, unanuka," akasema.

"Na wewe unaguna. Tumetoshana."

Kilabuni nilitaka kumpitisha kwa chini, ngazi ni chache. Akakataa. Akazunguka na fimbo moja tu ya gofu, akiifanya mkongojo, hadi mlango wa mbele, akaingia, akampa mkono kila aliyekuwepo, hata aliyekuwa akifagia. Akapiga shimo la kwanza peke yake, nusu nusu, mikono tu. Ilichukua muda, kila mpigo mpira ulikuwa unakwenda hatua chache kama kuku. Ng'ombe alikuwa amehamia shimo hilo siku hiyo, akampisha. Alipofika kwenye ule mchanga mweusi akauingiza mpira shimoni, akainama mwenyewe kuuokota. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa kiganja. Kedi akampa kitambaa. Bhai akamrudishia, akautia mpira mfukoni vilevile na oili yake, kwenye suruali nyeupe.

Kisha akaenda kukaa kwenye ngazi za duka. Mwenye simenti akatuletea soda.

Nisikufiche, mgongo ulikataa. Tuliporudi alilala chali kwake Kisutu kwa muda mrefu, na duka lake likafunguliwa na binti. Alikuwa ananipa shikamoo kutoka kwenye mlango wake bila kunitazama, nami naitika marahaba nikitazama vitenge vyangu. Ukuta mmoja, lakini kulikuwa na baridi. Sikumlaumu. Nilikuwa nimemnyima kitu alichoniomba bure.

Asubuhi moja akaja hadi kaunta.

"Baba anakaa sasa. Leo amekaa mwenyewe kitandani."

"Mungu mkubwa."

"Kuna mpira mchafu, anaulaza chini ya mto. Umeharibu shuka zangu mbili. Nikitaka kuuosha hataki. Nikimuuliza kwa nini, eti kamuulize Mangi."

Nikamvutia kiti. Nikamweleza mlango wa jikoni, na mlango wa mbele, na babu yake na soda zake, mambo ambayo Bhai hakuwahi kumwambia, kama ambavyo hakuwa ameniambia mimi. Alisikiliza, mkono wake ukikunja na kukunjua ncha ya kitenge kilichokuwa kaunta. Mpagazi alipita akifoka, akanyamaza mwenyewe alipotuona.

"Na hicho kiwanja chenyewe, baba," akauliza mwishowe, "angalau ni kizuri?"

"Kibovu," nikamwambia. "Kibovu kabisa, mwanangu. Kina ng'ombe."

Akacheka hadi akajifuta macho na kitenge changu. Kitenge kipya. Nikamwachia.